Nyonga za Watoto na Mionzi ya Eksirei

Mama wa Nachingwea au Ruangwa anapoambiwa kwamba mtoto wake mchanga hana budi kupigwa picha ya eksirei ya nyonga, huingiwa na hofu mbili: hofu ya kilema na hofu ya mionzi. Zote mbili zina msingi, na zote mbili zinahitaji elimu.

Nyonga isiyokaa sawasawa katika kikombe chake, ikigunduliwa mapema, hutibiwa kwa mikanda ya kumtanua mtoto miguu. Ikichelewa, mtoto huanza kutembea akichechemea, na tiba huwa upasuaji. Samaki mkunje angali mbichi. Kasoro hii ni adimu kwetu, na madaktari wengi wanaamini kwamba mbeleko, inayomweka mtoto mgongoni miguu ikiwa imetanuka, ina mchango wake katika heri hiyo. Hata hivyo, mtoto aliyezaliwa kwa kutanguliza matako, au ambaye jamaa yake alikuwa na kasoro hiyo, yafaa aangaliwe kwa makini zaidi.

Lakini kuangaliwa si lazima kuwe kupigwa picha. Mikono ya mganga aliyefundishwa ndiyo inayotangulia. Kwa mtoto asiyetimiza miezi minne, kichwa cha mfupa wa paja bado ni gegedu, na gegedu haionekani katika eksirei. Picha ya umri huo humpa mtoto mionzi na kumwachia mganga mashaka. Hapo chombo kinachofaa ni ultrasaundi, isiyo na mionzi, kwa njia ambayo Daktari Reinhard Graf wa Austria aliieleza mwaka 1980. Zamu ya eksirei huja baadaye, mtoto afikapo miezi minne hadi sita na kuendelea.

Zamu hiyo ikifika, mzazi asikatae. Mionzi ya picha moja ni kidogo. Ila chembe hai za mtoto zingali zinakua, na maisha yake yote yako mbele. Kwa hiyo kila picha isiyo ya lazima ni dhuluma kwake. Mtoto alazwe sawasawa, mionzi ibanwe iangukie nyonga tu, na picha iwe moja. Anayemshika avae aproni ya risasi, wala asiwe mjamzito. Zamani kipande cha risasi kiliwekwa juu ya sehemu za siri za mtoto. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilishauri desturi hiyo iachwe, kwani kipande hicho huweza kuziba mfupa unaotafutwa na kulazimisha picha irudiwe.

Serikali haikulala katika jambo hili. Sheria Na. 5 ya mwaka 1983 iliunda Tume ya Taifa ya Mionzi, na Sheria Na. 7 ya mwaka 2003 ikaleta Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, ambayo kazi yake mojawapo ni kukagua mashine hizi. Lakini mkaguzi hawezi kuwapo chumbani kila mtoto anapolazwa mezani. Hapo mlinzi ni mtumishi mwenyewe.

Tunalo ombi kwa viongozi wa afya wa wilaya na mkoa. Mtoto wa Ruangwa huweza kupewa rufaa hadi Lindi, kisha hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Mwenzake wa Songo Songo huanza kwa kuvuka bahari. Picha ikiachwa nyuma, hupigwa nyingine. Basi iwe kanuni kwamba picha na maelezo yake husafiri pamoja na mtoto. Tena, watumishi wa wilayani wafundishwe kupima nyonga kwa mikono na kwa ultrasaundi, ili eksirei iitwe pale tu inapohitajika.

Nao wazazi wasione haya kuuliza, “Picha hii ni ya nini, na je, hakuna njia nyingine?” Mganga mwema hachukizwi na swali hilo. Humjibu mama, kisha hufanya kazi yake.