Jiko Litoke Chumbani, Kikapu Kiingie

Wako wengi miongoni mwetu, wa jeshi na wa polisi, ambao wakivua sare jioni hawarudi bwenini bali hurudi katika chumba cha kupanga, walipo mke na watoto. Hao ndio tunaowaelekezea makala haya. Hatutazungumzia silaha wala mipaka. Tutazungumzia sufuria ya maharage, kwa kuwa sufuria hiyo, isipoangaliwa, yaweza kuua watu katika nyumba ya mtu aliye kazini akilinda watu wengine.

Tuanze na mahali penyewe. Bwiza ni mtaa wa zamani wa Bujumbura. Wakati wa utawala wa Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, Bwiza na jirani yake Buyenzi ilikuwa mitaa iliyotengwa kwa ajili ya Waafrika. Barabara zake zilinyooshwa kama gwaride, zikapewa namba badala ya majina. Na hata leo mwenyeji akikuelekeza kwake hukutajia namba ya barabara kwanza, jina lake baadaye. Wamekaa humo Warundi wa milimani, watu waliotoka Kongo, Wanyarwanda, na Waswahili waliofuata biashara ya ziwani. Ndiyo maana mtoto wa Bwiza hahitaji kufundishwa Kiswahili. Hukiokota uani, pamoja na Kirundi cha mama yake na Kifaransa cha shuleni.

Mpango wa makazi aghalabu ni mmoja. Lango huelekea barabarani. Ndani yake ipo nyumba ya mwenye kiwanja, na nyuma yake safu ya vyumba vya wapangaji, mlango kando ya mlango. Bomba ni moja, choo ni kimoja, kamba ya kuanikia ni moja. Chumba hugawanywa kwa pazia: huku kitanda, huku viti na meza. Vyombo hupangwa juu ya kreti za chupa au mbao zilizopigiliwa ukutani, na masanduku huingizwa chini ya kitanda kilichoinuliwa kwa matofali. Katika jambo hili sisi tuliopitia chuo cha makadeti hatuna la kuwafundisha akina mama wa Bwiza. Tulidhani tunajua kupanga vitu vingi mahali padogo mpaka tulipoingia katika vyumba vyao.

Lakini jiko halina chumba. Jiko la makaa, imbabura kwa Kirundi, huwekwa mbele ya mlango, na saa kumi na moja jioni ua mzima huwa umepangwa majiko mstari mmoja. Hapo hakuna siri. Tarehe ya mshahara hujulikana kwa harufu: siku hiyo ni mukeke wa ziwani aliyekaangwa pamoja na nyanya na vitunguu, siku za katikati ni ndagala, wale dagaa wa Tanganyika, pamoja na lengalenga, na siku zinazobaki ni maharage katika mafuta ya mawese, kwa ugali wa muhogo au kwa ndizi. Ua una heshima zake pia. Mwenye mtoto mchanga hupishwa bombani. Anayewasha jiko huomba kaa la moto kwa jirani na kusema, “Mama Fulani, nigawie moto,” na si desturi mtu kunyimwa.

Tatizo huja na mvua. Bujumbura hunyeshewa tangu Septemba au Oktoba hadi Mei, na mara nyingi mvua huanguka saa zile zile maharage yakiwa bado magumu. Hapo mama hana la kufanya ila kuliinua jiko na kuliingiza ndani. Dirisha hufungwa ili mvua isiingie, mlango hufungwa kwa ajili ya mbu, watoto hulala nyuma ya pazia, na makaa yanaendelea kung’aa polepole chini ya sufuria. Hakuna moshi, na kwa sababu hakuna moshi, watu hudhani hakuna hatari.

Hapa twawaomba wasomaji wetu watusikilize kwa makini kama wanavyosikiliza maelezo kabla ya doria. Makaa yanayong’aa bila moshi hutoa gesi iitwayo monoksidi ya kaboni. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Mtu akiivuta hushikamana na damu mahali ilipopaswa kukaa oksijeni, tena kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Kwa hiyo wengi hudhani ni malaria au uchovu. Aliye macho huenda akatoka nje akapona. Aliyelala hapati dalili yoyote ya kumwamsha.

Ziko imani tunazozisikia katika nyua nyingi nazo hazina msaada. Wengine huweka bakuli la maji kando ya jiko ili “linywe sumu”; maji hayainywi gesi hiyo. Wengine huyafunika makaa kwa majivu. Makaa yaliyofunikwa huendelea kuitoa usiku kucha. Wengine huacha mlango wazi kiasi cha kidole, jambo lisilotosha kabisa katika chumba cha watu watano. Ukimkuta mtu amelegea katika chumba chenye jiko, zima fikira zote nyingine: fungua mlango, mtoe nje kwenye hewa, kisha mpeleke hospitali hata kama ameanza kuzungumza, na utoe taarifa huko kwamba alikuwa na jiko la makaa ndani. Taarifa hiyo moja huweza kumwongoza daktari kwenye matibabu sahihi.

Basi afanyeje mke wa koplo aliye zamu ya usiku, mvua ikinyesha na maharage hayajaiva? Jibu tunalolipendekeza ni la zamani, na majeshi yalikwisha kulitumia. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1867 kilionyeshwa chombo kutoka Norwei kilichopika bila moto: sanduku lililojazwa vitu vya kuzuia joto, ambamo sufuria iliyokwisha kuchemka iliwekwa ikajipika yenyewe. Katika Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, Waingereza walitumia masanduku yaliyojazwa majani makavu kupeleka chakula cha moto kwa askari waliokuwa katika mahandaki. Katika Vita ya Pili, akina mama wa Uingereza walihimizwa kupikia katika masanduku hayo hayo ili kuokoa makaa ya mawe. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki chombo hicho kimekuja kwa umbo la kikapu, na tunaona kwamba kwa chumba cha Bwiza hakuna umbo lililo bora zaidi.

Siri yake ni nyepesi. Maharage hayahitaji moto. Yanahitaji maji ya moto kwa saa nyingi. Sufuria ikishachemka, karibu makaa yote tunayoyaongeza hufanya kazi ya kurudisha joto linalopotea kandokando na kwa mvuke. Ukizuia joto lisitoke, huna haja ya kuongeza makaa.

Chukua kikapu kipana, au katoni imara ya dukani. Tandika ndani yake blanketi kuukuu, vipande vya sponji kutoka kwa fundi wa makochi, nguo zilizochakaa, magazeti yaliyochanwa, au majani makavu ya migomba ambayo Burundi hayapungui. Unene usipungue upana wa kiganja, chini na kila upande, na katikati pabaki shimo linaloikumbatia sufuria bila nafasi. Kisha shona mto mnene wa kufunika juu. Wengi huukosea mto huu kwa kuufanya mwembamba, ilhali joto hupenda kutoka juu. Vitambaa vya ndani visiwe vya nailoni inayoyeyuka.

Upishi wenyewe ni huu. Maharage yalowekwe tangu jana yake, na maji ya kulowekea yamwagwe. Asubuhi au mchana, jiko likiwa nje na mvua haijaja, yachemshwe kwa nguvu nusu saa. Tunasisitiza kuchemsha kwa nguvu: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayomtapisha mtu vibaya, nayo huharibiwa na mchemko wa kweli wa dakika 10 na zaidi, uvuguvugu hauiharibu. Sufuria iwe imejaa angalau theluthi mbili, kwa kuwa sufuria tupu haina joto la kutunza. Maji yapunguzwe kidogo kuliko kawaida, maana hakuna yatakayopotea kwa mvuke. Funika vizuri, futa chini ya sufuria ili kaa lisije likang’ang’ania hapo na kuunguza kikapu, itumbukize upesi, weka mto, na usifunue. Mwenye pupa ya kuchungulia atakula maharage mabichi.

Baada ya saa nne hadi sita maharage huwa yameiva. Yale ya zamani, yaliyokauka ghalani, hukaidi. Hayo yachemshwe tena kidogo na kurudishwa. Bujumbura iko karibu mita 780 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 97 hivi badala ya 100. Aliyewahi kuhamishiwa Gitega au Mugamba anajua jinsi maharage ya huko juu yanavyomtia mpishi hasira, na huko kikapu hutaka muda zaidi. Mchele huchemshwa dakika tano tu na kukaa kikapuni saa moja. Nyama ngumu hupata ulaini ambao moto mkali hauwezi kuupa. Chakula kikikuta sufuria imekuwa vuguvugu tu, kichemshwe tena kabla ya kuliwa, wala kisiachwe humo mpaka kesho yake.

Si kila kitu huingia kikapuni. Isombe haifai kuharakishwa: majani ya muhogo hutwangwa, kisha huchemshwa muda mrefu sufuria ikiwa wazi, ili ile sumu yake itoke na mvuke; baada ya hapo ndipo yaweza kumalizikia kikapuni pamoja na mawese. Ndagala hawana haja nacho, kwani huiva kabla mtu hajamaliza kushona mto. Na ugali, jamani, ugali hutaka mkono na moto. Hakuna uvumbuzi utakaoubadilisha huo. Lakini ugali ni kazi ya muda mfupi, na jiko la muda mfupi laweza kusubiri mvua ipungue, au kuwekwa chini ya bati dogo lililotokezwa mbele ya mlango. Bati hilo, kwa maoni yetu, ndicho kitu cha kwanza wapangaji wa ua mmoja wanachopaswa kuchangia, kabla ya redio na kabla ya viti vya plastiki.

Tuseme machache juu ya jiko lenyewe. Mafundi wa bati wa Buyenzi hutengeneza majiko kwa vyuma chakavu kwa ustadi mkubwa, ila jiko la bati tupu huipasha joto barabara nzima. Nchini Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ulianza kuenea mtindo wa jiko lenye kiuno, lililopakwa ndani kwa udongo wa kuchoma. Hupunguza makaa kwa theluthi moja au hata zaidi. Anayeweza alinunue la namna hiyo. Asiyeweza anaweza kulipaka la zamani udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga na majivu, akauacha ukauke kivulini siku kadhaa. Utapasuka, naye ataupaka tena.

Vumbi la makaa linalobaki chini ya gunia pia si taka. Pika uji mzito wa unga wa muhogo, uchanganye na vumbi hilo mpaka liweze kufinyangwa, tengeneza madonge yanayolingana na yai, na uyaanike siku tatu au nne za jua kali. Huwaka polepole, na yanafaa kwa mchemko mrefu. Hata hivyo ni makaa vilevile. Gesi yake ni ile ile na mahali pake ni nje. Kadhalika nyiramugengeri, ule udongo wa vinamasini uliokaushwa ambao ONATOUR ilianza kuuchimba miaka ya 1970 na ambao umepikia majiko ya kambi zetu: unafaa kwa jiko kubwa lenye bomba la moshi, haufai hata kidogo kwa chumba cha kulala. Askari asiubebe nyumbani kwa kuwa ameuona ukifanya kazi kambini.

Wapo watakaosema kwamba kushona mto wa kikapu ni kazi ya wanawake. Sisi tumeshona vifungo vyetu na kutia viraka sare zetu tangu siku ya kwanza ya mafunzo, na hakuna mkufunzi aliyetuuliza ni kazi ya nani. Mpiganaji aliye mapumzikoni Jumamosi anaweza kumaliza kikapu kabla ya adhuhuri. Ahakikishe tu kwamba vitambaa vya ndani vinatoka, kwa sababu mchuzi utamwagika. Vitolewe kila wiki, vifuliwe, vianikwe juani siku nzima, na visirudishwe hadi vikauke kabisa, kwani kikapu chenye unyevu hupoteza joto na hukaribisha mende.