Msalaba wa Mti wa Chitambo

Maji ya mto Lualaba yapitayo mbele ya mji wa Kindu huwa yamekwisha kupita Nyangwe, na ni huko Nyangwe ambako tarehe 15 Julai 1871, msafiri na mmisionari David Livingstone akishuhudia kwa macho yake, watu waliokuja sokoni walimiminiwa risasi na watu wa misafara ya biashara ya Waarabu, wengi wakaghariki mtoni, na Waarabu wenyewe wakakadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaiandika habari ile kwa wino wa matunda juu ya gazeti kuukuu.

Alipofariki mwezi wa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, wafuasi wake, Susi na Chuma wakiwaongoza, waliuzika moyo wake chini ya mti wa mpundu, kisha wakauchukua mwili mpaka Bagamoyo. Na Jacob Wainwright, aliyekuwa na elimu ya kuandika, akachonga jina la marehemu katika shina. Mwaka 1899 mti ulikatwa, kipande chenye maandishi kikapelekwa London, na kwa mbao zake ukatengenezwa msalaba uliomo katika kanisa la Mkunazini, Unguja, lililojengwa juu ya kiwanja cha soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873.

Thamani ya kumbukumbu kama hiyo haimo katika ubao, imo katika ushahidi. Huko Stratford, Uingereza, mforsadi uliosemekana kupandwa na Shakespeare ulikatwa miaka ya 1750, na fundi wa saa, Thomas Sharpe, akauza visanduku na vikombe vya mti ule kwa miaka mingi hata watu wakashuku kuwa mti mmoja hauwezi kuzaa vyote hivyo, ikambidi mwaka 1799 ale kiapo. Wa Chitambo hauhitaji kiapo, kwani maandishi yalichongwa na waliozika.

Lakini nasikitika kwamba katika mbao hizo halimo jina la hata mmoja wa waliouawa Nyangwe. Basi, ndugu zangu wa Kindu, Kasongo na Nyangwe, mwembe wa kale uangukapo uani kwenu, msiufanye wote makaa: tunzeni kipande, na siku ile ile andikeni ulisimama wapi, nani aliukata, na wazee wanaukumbuka kwa lipi.