Mwamba Uliopasuliwa kwa Ndani

Sogeeni, wanangu. Leo nawasimulia habari za mwamba uliozamisha meli na kuua watu kwa zaidi ya miaka 80, nao wenyewe haukusogea hata shubiri moja.

Mwamba huo uliitwa Ripple Rock. Ulikuwa magharibi mwa Kanada, katikati ya mlango mwembamba wa bahari uitwao Seymour Narrows, kati ya kisiwa cha Vancouver na kisiwa cha Quadra. Ulikuwa mlima uliozama, wenye vilele viwili. Maji yakipwa, kilele kimoja kilifichika mita tatu tu hivi chini ya maji, na cha pili mita sita hivi. Nahodha akitazama mbele haoni kitu ila bahari. Na bahari yenyewe si ya kuchezea: siku za bamvua mkondo wa pale hukimbia hadi kilomita 28 hivi kwa saa, na ulipokutana na vilele vile ulizua vizingia vya kumeza mashua.

Mwaka 1792 baharia Mwingereza George Vancouver alipita hapo, akaandika kuwa ni mahali pa hatari. Mwaka 1875 manowari ya Marekani iitwayo Saranac ikauparamia mwamba, ikazama. Zikafuata nyingine, kubwa kwa ndogo. Vyombo vilivyozama au kuvunjika vilipita 100, na waliokufa wakapita 100 pia. Hata hivyo meli hazikuacha kupita, kwa kuwa hiyo ndiyo njia iliyokingwa na mawimbi ya bahari kuu kwa wanaokwenda Alaska.

Watu wakasema mwamba uondolewe. Wengine wakakataa: walitaka vilele vile viwe nguzo za daraja la kuunganisha kisiwa cha Vancouver na bara. Mabishano yakachukua miaka mingi, na meli zikaendelea kuzama.

Jaribio la kwanza lilifanywa wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Tishari lenye mitambo ya kutoboa lilipelekwa juu ya mwamba, likafungwa kwa nyaya za chuma kwenye nanga nzito. Nia ilikuwa kutoboa kutoka juu, kutia baruti na kumega vilele kidogo kidogo. Mkondo ukazitikisa nyaya hadi zikakatika, zikafungwa, zikakatika tena. Mashua ya wafanyakazi ikapinduka, watu wakafa maji. Mwaka 1945 wakarudi na maarifa mapya: wakatandaza nyaya nene juu ya mlango wa bahari, toka ufuko huu hadi ule, ili zilishike tishari. Milipuko iliyokusudiwa ilikuwa 1,500. Iliyofanikiwa haikufika 150. Wakaacha.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Lakini muulizeni mpasua kuni: gogo gumu halimalizwi kwa kuparuzwa magome. Hutafutwa mahali pa kupachika kabari, iingie ndani, ndipo lipigwe. Wahandisi wa kutoboa na kulipua miamba nao hufanya kazi kwa kanuni hiyo, na ni vizuri mkaielewa kabla sijaendelea.

Baruti ikilipuka juu ya jiwe, nguvu yake hufuata njia nyepesi. Hupanda hewani, ikaishia kuwa kishindo na moshi, na jiwe likabaki na alama tu. Baruti hiyohiyo ikitiwa ndani ya shimo, na mdomo wa shimo ukashindiliwa kokoto, haina pa kukimbilia. Hapo hutokea mambo mawili. Kwanza, mshtuko wake hupita ndani ya mwamba kwa kasi ya maelfu ya mita kwa sekunde, ukaacha nyufa. Pili, baruti yenyewe hugeuka gesi yenye moto mkali inayotaka nafasi kubwa mno kuliko shimo lake. Gesi hiyo hujipenyeza kwenye nyufa, ikazipanua, ikasukuma vipande kuelekea upande ulio wazi.

Mwamba una udhaifu mmoja ambao mhandisi huutegemea. Ukiubana, utastahimili sana. Ukiuvuta, hukatika mapema. Mshtuko unapofika kwenye uso ulio wazi hugeuka na kurudi nyuma, na unaporudi huuvuta mwamba badala ya kuubana. Ndiyo maana swali la kwanza la mhandisi huwa: upande wazi uko wapi, na kati yake na shimo pana mwamba wa unene gani? Ukiwa mnene kupita kiasi, nguvu hufia ndani. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, mawe huruka mbali na yanaweza kuua.

Sasa turudi baharini. Mwaka 1953 Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada liliagiza uchunguzi mpya, na wataalamu wakaja na jibu la kishujaa: kama mwamba haufikiki kwa juu, na uendewe kwa chini.

Novemba 1955 kazi ikaanza kwenye kisiwa kidogo cha Maud, kilicho kando ya mkondo. Walichimba shimo la kwenda chini, mita 174. Kutoka sakafu ya shimo hilo wakachimba njia ya kulala, mita 762, wakipita chini ya bahari hadi chini ya Ripple Rock. Kisha wakapanda: wakachimba njia mbili za kwenda juu, moja kwa kila kilele, na humo vileleni wakachimba vijia vidogo vya pembeni vya kupakia baruti. Watu kama 75 walifanya kazi kwa zamu tatu, usiku na mchana.

Na walichimbaje? Kwa kutoboa na kulipua. Hutobolewa mashimo mengi membamba kwenye ukuta wa mbele, yakajazwa baruti kwa kipimo. Watu hutoka. Baruti hulipuliwa, moshi husukumwa nje kwa feni, dari hukaguliwa na mawe yaliyolegea huangushwa. Kifusi kikishaondolewa, mtobozi huanza upya. Kila mzunguko huipeleka njia mbele kwa mita chache tu.

Fikirini hali ya wale waliokuwa ndani ya vilele. Juu ya vichwa vyao palikuwa na mwamba, na juu ya mwamba bahari yenye mkondo mkali. Mlipuko mmoja uliozidi kipimo ungeikaribisha bahari ndani. Kwa hiyo hawakusogea kwa kubahatisha. Walitanguliza mashimo marefu membamba, wakitumia vyuma vyenye vichwa vya almasi, ili wajue mwamba ulio mbele ni mzima au umepasuka, na maji yako umbali gani. Kutoboa ndiko kulikokuwa macho yao.

Njia zilipokamilika wakapakia baruti zaidi ya tani 1,200. Ilikadiriwa kuwa mara kumi ya kiasi ambacho kazi kama hiyo ingehitaji nchi kavu. Kwa nini nyingi hivyo? Kwa sababu baruti ilitakiwa kuuvunja mwamba na pia kuyainua maji mazito yaliyoulalia. Tena vipande vilipaswa kutawanyika hadi kwenye vilindi vya kando, kwani vikirundikana palepale meli zingerithi hatari mpya.

Tarehe 5 Aprili 1958 polisi waliwaondoa watu wote umbali wa karibu kilomita tano kuzunguka mahali pale. Shirika la utangazaji la CBC lilifunga kamera zake, na Wakanada wakakaa mbele ya televisheni kuangalia. Ilipotimu saa 3:31 asubuhi baruti ikalipuliwa. Mwamba na maji, jumla yake tani kama 635,000, vilirushwa, na mawe yakapanda mita 300 na zaidi kabla ya kuanguka baharini na fukweni. Hakuna aliyeripotiwa kuumia.

Kina kilipopimwa, palipokuwa na mita tatu sasa palikuwa na mita 14 hivi maji yakipwa. Mkondo bado uko mkali hadi leo, na manahodha wengi bado husubiri maji yatulie ndipo wapite, lakini vile vilele vilivyokuwa vikiwavizia havipo tena.

Wengi hukumbuka kishindo, kwa kuwa kishindo ndicho kilichoonyeshwa. Mimi nataka mkumbuke miaka miwili na nusu ya kutoboa. Mlipuko wa sekunde chache ulifuata njia ambayo watu waliiandaa kwa subira, mita kwa mita, na kosa lolote la kupima lisingerekebishika baada ya baruti kuwashwa.

Kanuni hizo ndizo zinazotumika leo kwenye machimbo ya kokoto, kwenye mahandaki ya reli na kwenye migodi ya wazi kama ule wa dhahabu wa Geita, Tanzania. Mashimo hupangwa kwa safu, na safu hazilipuliwi kwa pamoja. Ya mbele hutangulia, ya nyuma hufuata baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde, ili kila safu ikute mbele yake pameshafunguka. Kwa mpango huo mwamba huvunjika vizuri, na nyumba za jirani hazitikisiki kama ambavyo zingetikisika baruti yote ikilipuka kwa mpigo. Anayependa hesabu kati yenu na ajue kwamba huku nako hesabu inalinda uhai wa watu.

Na kwa nyinyi mnaoishi karibu na machimbo, hili si la kusahau. King'ora kikilia, ondokeni upesi, wala msirudi mpaka itangazwe kuwa pako salama. Baadhi ya viwashio vya baruti ni vibomba vidogo vya chuma vyenye waya, na mtoto anaweza kudhani ni kitu cha kuchezea. Kiwashio kidogo hivyo kinaweza kukata vidole na kupofusha macho. Mkikiona, msikiguse, msikirushe, msikipeleke nyumbani. Kumbukeni mahali kilipo, mkae mbali, mkamwite mtu mzima awaite wenye mgodi au polisi. Baruti ni ya kushikwa na aliyefundishwa na kupewa kibali, na hata yeye huishika kwa hofu.