Mizimu ya Dakar na Mkasi wa Wajuzi

Kila ionyeshwapo Atlantique, filamu ndefu ya kwanza ya Mati Diop iliyotoka mwaka 2019, huulizwa swali lile lile: je, hii ni filamu ya mapenzi, ya polisi, au ya mashetani? Na muulizaji, kabla hajajibiwa, aghalabu huitoa dawa yake: lau bibi huyu angaliiondoa ile mizimu, akabaki na Ada na mpenziwe Souleiman, kazi yake ingalinyooka.

Dawa hiyo ni batili, nami nimechoka kuona miswada ya vijana ikiuawa kwayo. Katika filamu, vijana wanaojenga mnara mrefu jijini Dakar, Souleiman akiwa mmoja wao, wamenyimwa ujira kwa miezi. Wanapanda mtumbwi usiku kuelekea Hispania, na bahari inawameza. Nani atamdai tajiri? Polisi wanashughulika na kitanda cheupe cha harusi ya Ada na Omar, ambacho punde tu shoga zake Ada walikuwa wakikipandia kupigwa picha, na sasa kimeungua pasipo sababu ya dhahiri. Ndipo wasichana walioachwa nyuma wanapopandwa na roho za waliozama, macho yao yakawa meupe pe, wakaingia usiku nyumbani kwa tajiri kudai mshahara wa marehemu, na hatimaye wakamchimbisha makaburi kwa mikono yake mwenyewe. Iondoe mizimu, na deni litabaki bila mdai. Sisi watu wa pwani, tuliokwisha kusikia mgonjwa wa pepo akinena kwa sauti isiyo yake na kutaja anachokitaka, ilitupasa kulifahamu jambo hili kabla ya jopo la Cannes, lililoitunuku filamu hii Grand Prix, tuzo yake ya pili kwa daraja.

Taksiri zimo, wala sizifichi: upelelezi wa Issa, yule polisi, unajikokota, mazungumzo mengine ni makavu, na Omar hakupewa nafsi. Walakini hizo ni taksiri za utekelezaji, wala hazikuletwa na mchanganyiko wa mapenzi, polisi na mashetani. Mchanganyiko ndio uliotupa kile kioo cha baa ya ufukweni, ambamo Issa, akiwa amepandwa na roho ya Souleiman, haonekani tena kwa sura yake, bali kwa sura ya aliyekufa. Na ndio uliompa Claire Mathon, mpiga picha, sababu ya kuirudia bahari ileile hata ikaogofya.

Basi itazame gizani, kwa Kiwolof chake, sauti juu, wala si kwenye simu. Upelelezi ukikuchosha, vumilia. Kisha itafute filamu fupi ya 2009 ya Diop huyu huyu, yenye jina karibu lilo hilo, halafu Touki Bouki ya 1973, ya ami yake Djibril Diop Mambéty. Nawe mwenye mswada, mkasi upeleke kwenye mazungumzo ya kufafanua, na mpelelezi umpunguzie kurasa. Pepo wako mwache adai.