Kupima Mahali kwa Setilaiti Kwenye Ncha ya Kusini

Wanafunzi wenzetu, katika Jiografia tumesoma kwamba Ncha ya Kusini ni nukta ambapo mistari yote ya longitudo hukutana. Ukisimama hapo, kila upande unaotazama ni kaskazini. Je, mtu hujuaje kuwa amefika hasa, ilhali kote ni barafu tupu?

Roald Amundsen wa Norway na wenzake, waliofika huko wa kwanza tarehe 14 Desemba 1911, walitegemea kupima kimo cha jua. Kwa kuwa kipimo hicho hakikosi kasoro, watu watatu walitumwa pande mbalimbali, wakiteleza kwa vibao juu ya theluji, ili nukta hiyo izungukwe na shaka iondoke.

Siku hizi hutumiwa setilaiti za GPS, zilizo kiasi cha kilometa 20,200 juu ya dunia. Kila moja ina saa ya atomiki, na hutuma mawimbi ya redio yanayotaja wakati yalipoondoka. Kifaa kilichoko chini hupima muda wa safari yao, na kwa vile mawimbi hayo huenda kwa mwendo wa nuru, umbali hujulikana. Setilaiti nne hutosha kuonyesha mahali. Lakini saa ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa mita 300!

Kwenye ncha kuna tatizo jingine. Njia za setilaiti hizi zimeinama nyuzi 55 kutoka Ikweta, hivyo hazipiti kamwe juu ya utosi wa aliyeko nchani. Huonekana pande zote, ila hazipandi zaidi ya nyuzi 45 hivi kutoka upeo wa macho. Kwa sababu hiyo, kimo hupimika kwa shida zaidi. Setilaiti za GLONASS za Urusi, ambazo njia zake zimeinama karibu nyuzi 65, husaidia. Tena wapimaji huacha kifaa kipokee mawimbi kwa saa nyingi, kisha husahihisha makosa kwa hesabu, hadi usahihi ufikie sentimeta.

Usahihi huo ni wa nini? Kituo cha Amundsen-Scott kiko juu ya barafu yenye unene wa zaidi ya mita 2,700, nayo husogea mita 10 hivi kwa mwaka. Kigingi cha ncha huchukuliwa nayo. Basi kila mwaka mahali hupimwa upya, na tarehe 1 Januari kigingi husimikwa panapostahili.

Huko Greenland, vifaa vilivyofungwa kwenye miamba vimeonyesha kuwa ardhi inainuka kwa milimeta kadhaa kila mwaka, kwa kuwa mzigo wa barafu unapungua. Maji yake huingia baharini, na bahari ni moja: ikipanda, Lamu, Unguja na Kilwa hazisalimiki. Anayepuuza milimeta hizo hawezi kutambua mapema linalokuja. Basi tusilidharau somo la hesabu.