Maneno Magumu ya Fomu: Tuyatafute kwa Shakespeare

Fomu ya mkopo ikiletwa kikundini mara nyingi inakuwa kwa Kiingereza. Katibu anaisoma haraka haraka, wanachama wanaitikia, kalamu inazungushwa, basi. Ukiuliza baadaye neno "surety" lilikuwa na maana gani, au "forfeit", unajibiwa kwamba hayo ni maneno ya benki. Lakini sahihi imeshatiwa. Leo nataka tuzungumze juu ya njia moja ya kujifunza maneno ya namna hii, ambayo wengine wataicheka: kikundi kusoma pamoja michezo ya kuigiza ya William Shakespeare, yule Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1564 na kufariki 1616.

Najua mtasema, "Ati Shakespeare? Sisi ni wafugaji wa kuku!" Subirini kidogo.

Mchezo wa kuanza nao ni The Merchant of Venice, uliopigwa chapa mwaka wa 1600. Kijana mmoja wa mji wa Venice huko Italia, jina lake Bassanio, anataka pesa za kwenda kuposa. Hana kitu. Rafiki yake Antonio ni mfanyabiashara mkubwa, lakini mali yake yote iko baharini ndani ya meli. Basi Antonio anakwenda kukopa kwa Shylock, Myahudi anayekopesha kwa riba. Wanaelewana dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Angalieni hapo: mwenye haja ya pesa ni Bassanio, lakini anayejifunga ni Antonio. Shylock anasema safari hii hataki riba. Anataka tu iandikwe kwamba siku ikipita bila malipo, atakata ratili moja ya nyama, karibu nusu kilo, kutoka mwili wa Antonio. Anasema ni mzaha. Antonio anakwenda kutia sahihi. Kisha habari zinakuja kwamba meli zimepotea, siku inapita, kesi inafika mahakamani, na Shylock ananoa kisu.

Anayemwokoa Antonio ni Portia, mke wa Bassanio, aliyejivika nguo za mwanasheria wa kiume. Hana askari wala hongo. Anachofanya ni kusoma ile hati neno kwa neno: nyama imeandikwa, damu haikuandikwa. Akate nyama, lakini tone la damu lisimwagike, na uzito usizidi wala kupungua. Shylock anashindwa. Maisha ya mtu yalishikiliwa na maneno ya karatasi moja.

Sasa tazama maneno yenyewe. "Bond" ni hati ya mtu kujifunga kwamba atalipa. Shylock analirudia neno hili mpaka linachosha, na ndiyo faida yake kwetu: ukiwa msikilizaji huwezi kulisahau. Siku hizi tunasikia mshtakiwa ameachiliwa kwa bondi, na redioni serikali inauza hati fungani, ambazo kwa Kiingereza ni "bonds". Ukishajua kwamba mzizi wake ni kujifunga, yote yanaeleweka. "Forfeit" ni kitu kinachokutoka mkononi kwa sababu umevunja masharti. Si sawa kabisa na faini. Faini unaitafuta ukalipe, lakini hiki ulikwisha kukiweka rehani kwa kalamu yako mwenyewe, iwe ni akiba, ng'ombe au shamba. "Surety" ni mdhamini, na mahakama zetu bado zinalitumia neno hili kwa mtu anayesimama kumdhamini mshtakiwa. Halafu kuna "principal". Sisi tunamjua principal wa chuo, yule mkuu. Katika mchezo, Shylock akiona kesi imemgeukia anaomba apewe "principal" yake tu aende zake: yaani zile pesa zenyewe alizokopesha, bila nyongeza. Kwenye karatasi ya mkopo maana ni hiyo hiyo. Na "interest", ambayo shuleni tulifundishwa kuwa ni hamu ya kitu, hapa ni riba.

Mtu anaweza kukuandikia maneno haya matano ubaoni na maana zake. Utayajua mpaka jioni. Lakini neno ulilolisikia likitoka kinywani mwa mtu mwenye hasira, likajibiwa na mwingine mwenye hofu, huku kisu kiko mezani, hilo linabaki. Mchezo wa kuigiza unashinda hadithi kwa jambo hili, maanake maneno yanasemwa kwa sauti, na hata mama asiyejua kusoma anaweza kukaa kwenye mduara akasikiliza na kuuliza.

Kuna neno moja nataka tukae nalo zaidi. Fomu nyingi za wadhamini zina maneno "jointly and severally". Wengi hudhani "severally" ni ndugu ya "several", yaani kadhaa, basi wanaona maana yake ni "sisi kadhaa kwa pamoja". Sivyo. Twendeni kwenye mchezo mwingine wa Shakespeare, Julius Caesar. Baada ya Caesar kuuawa, Brutus na Cassius wanataka kuwaeleza wananchi sababu. Umati unagawanyika: hawa wamsikilize Brutus, wale Cassius. Raia mmoja anasema watalinganisha sababu zao wakishawasikia "severally", yaani kila mmoja peke yake. Hiyo ndiyo maana! Kwa hiyo wadhamini watano wakitia sahihi "jointly and severally" kwa mkopo wa shilingi 100,000, si kwamba kila mmoja amejifunga kwa shilingi 20,000 tu. Mkopeshaji anaweza kumfuata mmoja, yule mwenye ng'ombe, akamdai deni lote, na huyo ndiye ahangaike kuwatafuta wenzake wamrudishie sehemu zao. Neno moja hilo limewagombanisha majirani wengi.

Bahati nzuri, michezo hii miwili ina tafsiri ya Kiswahili, tena ya hayati Mwalimu Julius Nyerere wa Tanzania. Julius Caesar aliitoa mwaka wa 1963 na kuirekebisha 1969, na mwaka huo wa 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Mwingine, S. S. Mushi, alitafsiri Makbeth na Tufani. Mkipata kitabu cha Kiingereza na cha Kiswahili, visomeni kando kwa kando. Lakini tafsiri si kamusi. "Merchant" ni mfanyabiashara, naye ni mmoja. Mwalimu aliandika mabepari, tena wengi. Bepari ni neno lililotoka Uhindi likiwa na maana ya mfanyabiashara tu, lakini miaka ile ya Azimio la Arusha lilikuwa limeshapata ukali mwingine. Jadilianeni kwa nini alilichagua. Mabishano ya namna hiyo yanafundisha zaidi ya kukariri.

Jambo jingine tusilifunike. Wakristo wa mchezo huu wanamtukana Shylock kwa sababu ni Myahudi, na mwishoni analazimishwa kubadili dini. Ni chuki ya zama zile, na Kanisa letu lilikataa wazi chuki dhidi ya Wayahudi katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano mwaka wa 1965. Msomaji wa kikundi aliseme hilo mapema, isije watu wakacheka mahali pa kusikitika.

Namna ya kufanya ni rahisi. Kwanza mtu asimulie kisa chote kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, ili hakuna anayepotea. Kisha someni onyesho moja tu kwa mkutano, kila mtu na sehemu yake, pole pole. Chagueni maneno manane au kumi, si zaidi. Kabla ya kufungua kamusi, kila mtu akisie maana kutokana na kinachotendeka. Halafu kila neno litiwe katika sentensi ya mambo ya kikundi chenu, na mkutano ujao mwanze kwa kuulizana. Darasa la ngumbaru likiwa karibu, mwalimu wake atasaidia.

Mjihadhari na Kiingereza cha zamani. "Thou" na "thy" waliozoea sala za Kiingereza wanavijua, lakini msiviandike kwenye barua ya benki! Mengine yana hila: "presently" kwa Shakespeare ni papo hapo, siku hizi mara nyingi ni baadaye kidogo. Chukueni vitabu vyenye maelezo pembeni.

Kwenye simu yenye intaneti michezo ya Shakespeare kwa Kiingereza inapatikana bure. Zile tafsiri tafuteni maktaba au kwa wauza vitabu vya mitumba. Mkianza, msianze ukurasa wa kwanza. Fungueni sehemu ya kwanza, onyesho la tatu: wanaozungumza ni watatu tu, Bassanio, Shylock na Antonio, na mkopo wote unapangwa hapo mbele yenu.