Mjusi Kafiri wa Majabali

Mfasiri anayeandaa kwa Kiswahili muhtasari wa tathmini ya mazingira ya mgodi, tuseme kule Geita au Shinyanga, huenda akalazimika kuwataja mijusi. Kwa jamii ile ambayo wengi wake hupanda ukutani wasianguke, Kiswahili kina jina moja lililoenea, nalo ni mjusi kafiri. Hapo ndipo utata unapoanzia.

Jina hilo ni la nyumbani. Limeshikamana na yule mjusi mweupe-mweupe anayevizia wadudu penye taa, na watu wa pwani hulihusisha na kisa cha mjusi aliyeupuliza moto aliotiwa Nabii Ibrahimu. Basi mwanakijiji akisoma kwamba kilima kitakachopasuliwa kina “mijusi kafiri”, atajibu kuwa hao anao tele darini, na hoja ya taarifa itakuwa imepotea. Kumbe jamii hiyo ina spishi zinazotegemea nyufa za mawe katika nchi kavu. Mfano ni Chondrodactylus turneri, aliyeelezwa na mtaalamu Gray mwaka 1864, apatikanaye kusini mwa Afrika hadi Kenya, Tanzania ikiwamo. Huyu hutoka usiku, na mchana hujificha ufani.

Je, aitwe “mjusi wa mawe”? Hatuafiki. Jina hilo litamzoa pia Agama mwanzae, mjusi wa mchana wa majabali ya Kanda ya Ziwa, ambaye dume lake lina kichwa chekundu. Huyo hupepesa kope. Mjusi kafiri hana kope za kupepesa, hulisafisha jicho kwa ulimi. Kumwita “mjusi wa Turner” nako hakumwelezi mwananchi lolote, na kukopa “geko” ni kuazima chumvi hali tunayo jikoni.

Kwa maoni yetu yafaa kusema mjusi kafiri wa majabali, na mwenzake awe mjusi kafiri wa nyumbani. Jina la kisayansi liwekwe katika mabano pale spishi inapotajwa kwa mara ya kwanza. Walimu nao waongeze kwamba mijusi wa jamii hii hawana sumu, maana hofu hiyo ingalipo.

Kuhusu wingi, tuandike “mijusi kafiri hawa wa majabali”. “Mijusi makafiri” haifai: hapa kafiri ni sehemu ya jina, wala si sifa ya mnyama.